Kabla hujatuma hela ya betri Mwanza, omba namba tatu

Simu ya kuomba hela ya betri ya gari huja wiki moja kabla ya safari. Tiketi umeshakata, begi liko wazi kitandani, halafu mjomba anapiga kutoka Nyegezi: "Mjomba, gari limegoma. Fundi kaja, anasema betri imekufa." Unatuma hela. Mimi nimetuma mara mbili ndani ya miezi kumi na minne, nikiwa Leicester, Uingereza, kwa ajili ya Toyota IST ileile iliyokaa chini ya mwembe uleule. Betri zote mbili zilikuwa nzima zilipofungwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilifunga GPS ili nijue gari liko wapi. Lilikuwa chini ya mwembe. Ile GPS na alamu ya bei poa vilikuwa vinanyonya miliampea 90, mchana na usiku. Piga hesabu: kwa siku moja ni zaidi kidogo ya ampea-saa 2. Betri ya ampea-saa 45 inakauka ndani ya wiki tatu, na hata kabla ya hapo stata inaanza kulia "tk, tk, tk".

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa M-Pesa, naomba namba tatu. Fundi umeme yeyote wa magari ana mita ya kupimia umeme. Mwambie aiweke kwenye DC 20, yaani kipimo cha volti hadi 20, aiguse betri, nawe uangalie kwa video. Kuangalia si kumdharau fundi. Sema tu, "Fundi, naomba nione na mimi," na wengi watakuonyesha vizuri tu.

Namba ya kwanza inasomwa asubuhi, gari likiwa limelala bila kuwashwa. Volti 12.6 na kupanda, betri imejaa. 12.4, robo imeondoka. 12.2 ni nusu. Chini ya 12, hesabu kwamba ni tupu, lakini tupu si kufa, inachajiwa. Ila ikishachajiwa usiku kucha na bado inasoma 10.5 hivi, basi seli moja kati ya sita imeondoka. Hapo tuma hela bila ubishi.

Namba ya pili inasomwa wakati mjomba anapiga stata. Betri iliyojaa isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Kama ilichajiwa vizuri, asubuhi ikasoma 12.6, halafu kwenye stata ikaporomoka hadi 8, imechoka kweli.

Namba ya tatu, injini ikiwa inanguruma: 13.8 hadi 14.5. Hii ndiyo namba ambayo watu hawaiulizi, na ndiyo inayokula hela za watu. Ikiwa chini ya 13, tazama kwanza alternata, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, na mkanda wake, maana hata betri mpya itakufa vilevile. Ikipita 15, inachemsha betri na kukausha maji yake.

Na kama namba zote tatu ziko sawa lakini gari likikaa wiki mbili haliwaki? Kuna kitu kinanyonya. Fundi achomoe waya mweusi wa betri, aunganishe mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, kwenye upande wa ampea, milango ifungwe, asubiri kama nusu saa vifaa vya gari vilale. Miliampea 50 au chini ni kawaida. Zaidi ya hapo anachomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke. Asipige stata mita ikiwa pale, itaungua. Kwangu mimi namba ilishuka tulipochomoa GPS, nikanyamaza kidogo kwenye simu.

Kuchaji. Kanuni ya mafundi wazee ni sehemu moja ya kumi: betri ya ampea-saa 45 ichajiwe kwa ampea 4 au 5, saa kumi hivi. Kuna wachajishaji wanaokwambia "nipe saa moja tu, bosi." Chaji ya nguvu namna hiyo inapasha joto mabamba ya ndani ya betri na kuyapinda. Acha ilale huko. Ukiwa karibu na mwalo wowote wa dagaa utakuta wachajishaji waliozoea betri za taa za wavuvi, na kwa sababu dagaa wa taa havuliwi vizuri kukiwa na mbalamwezi, siku za mwezi mpevu ndizo nzuri kwenda, foleni hupungua. Nyumbani nako panafaa ukiwa na chaja. Mjomba akilalamika kuhusu LUKU, mwambie betri hiyo haimalizi hata yuniti moja.

Mahali pawe na hewa, pasiwe na sigara wala koroboi, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kama ni ile ya vifuniko vya kufungua, maji yakipungua ongeza maji yaliyotoneshwa (distilled water) tu. Si ya ziwani, si ya bomba, na si asidi. Dukani vyote viwili huitwa "maji ya betri", kwa hiyo soma chupa. Asidi haipungui kwa kukauka, maji ndiyo yanayopungua.

Ila betri iliyokaa tupu tangu Krismasi usiitarajie sana. Ikikaa bila chaji, chumvi ya risasi inaganda kwenye mabamba, na baada ya miezi haiyeyuki tena.

Nimalizie ubishi mmoja na wajomba wote: kuliwasha gari kila Jumamosi dakika tano halafu kulizima hakusaidii. Dakika tano hazitoshi kurudisha umeme ulionyonywa wiki nzima. Aliendeshe hadi Usagara na kurudi, au achomoe waya mweusi na kuliacha. Redio nyingine za Kijapani zikikatiwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri, kwa hiyo uliza kwanza.

Ikibidi kununua, omba picha ya maandishi ya betri ya zamani. Kwenye 46B24L, 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R ni upande wa vichwa. Ukikosea herufi hiyo nyaya hazifiki, au fundi anazivuta kwa nguvu. Kuna vichwa vinene na vyembamba pia. Omba picha ya tarehe ya kutengenezwa, mita isome angalau 12.5 kabla hela haijatoka, na karatasi ya waranti igongwe muhuri. Wakati wa kufungua mweusi unatoka kwanza, wakati wa kufunga unaingia mwisho. Ule unga mweupe kwenye vichwa unaoshwa kwa maji ya magadi.

Ukitaka kubeba kitu, usifikirie betri ya maji kwenye ndege. Beba chaja, lakini ya Uingereza au Ujerumani, kwa umeme wa volti 230. Ya Marekani ya volti 120 pekee itafuka moshi jioni ya kwanza. Kifaa kidogo cha lithiamu cha kushtulia gari kinaruhusiwa kama hakizidi wati-saa 100, ila kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kiwe kimeandikwa wati-saa zake, maana mkaguzi atauliza.

Betri ya zamani irudi dukani au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nzima na asidi yake ndani. Isiyeyushwe uani kutafuta risasi, moshi wake ni sumu kwa watoto. Ya kwangu mjomba aliiomba. Stata haiwezi tena, lakini taa moja ya LED kwenye banda la kuku inaimudu hadi alfajiri, na ile GPS bado iko kwenye droo yake.