Kabla ya kukubali bei ya boila Uingereza

Kama uko Uingereza na boila yako, yaani mtambo wa gesi unaopasha nyumba na maji, imezeeka, usingoje izime Januari ndipo utafute fundi. Baridi ikishabana, huna ubavu wa kupatana bei. Kubadili kombi (boila inayopasha maji papo hapo bila tangi) kwa kombi nyingine, palepale ukutani, kwa kawaida ni kazi ya siku moja, na pauni 2,000 hadi 3,500 pamoja na boila yenyewe si bei ya kushtua. Ukitaka ihamishwe kutoka jikoni kwenda darini, au uondoe tangi la maji moto, mabomba yanaongezeka na pesa nazo.

Makadirio yaje kwa maandishi, yataje modeli, kusafisha mfumo, kidhibiti joto, VAT, na kichujio cha sumaku, maana hicho ndicho kinachonasa tope la chuma linaloua boila mpya. Bei rahisi mno mara nyingi imeruka mojawapo ya hivyo. Mwombe fundi kitambulisho cha Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, kisha kigeuze: nyuma ndiko kumeandikwa kazi za gesi anazoruhusiwa kufanya. Kwa England na Wales, hakikisha pia unaletewa cheti kwamba halmashauri imejulishwa kuhusu boila hiyo mpya. Ukija kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi atakiulizia.