Somo: Kuvua krapi kwa jigi na boya linaloteleza

Wengi wetu tuliokulia kando ya ziwa tulifundishwa kushusha ndoana hadi chini na kusubiri. Krapi, samaki wa huku Marekani, havuliwi hivyo. Nimewaona ndugu zetu hapa Kentucky wakishinda ukingoni na ndoo tupu, huku mzee wa jirani, hatua kumi tu kutoka walipo, anatoa mmoja baada ya mwingine. Mzee yule hana dawa. Amejua samaki wako kina gani.

Krapi ni samaki bapa wa maji yasiyo na chumvi, wa asili ya Marekani ya Kaskazini. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na wote wana nyama nyeupe, laini, tamu kwa kukaanga. Jambo la kushika ni hili: krapi huwinda akitazama juu. Chambo kikipita chini ya tumbo lake ni kama hakijapita. Kikining'inia futi moja juu ya macho yake, atapanda kukifuata. Boya linaloteleza lipo kwa kazi hiyo, kuiweka jigi, yaani ndoana yako, pale pale unapotaka, iwe futi 3 au futi 15.

Vifaa

Fimbo nyepesi ya futi 7 au zaidi, rili ndogo ya kukunjia uzi, na uzi wa nguvu ya pauni 4 hadi 6. Jigi ni ndoana yenye kichwa cha risasi, huvishwa plastiki laini au manyoya. Chukua za aunsi 1/16 na 1/32. Rangi zisikuumize kichwa: maji ya tope, rangi kali kama njano-kijani; maji maangavu, nyeupe au kijivu. Dukani boya hili uliza kwa jina lake, slip bobber, na hakikisha lina tundu lililopita katikati toka juu hadi chini.

Hatua ya 1: Kupanga uzi

Kutoka kwenye rili kushuka, mpangilio ni huu: kifundo cha kuzuia, ushanga mmoja, boya, chubwi ndogo (kizito cha kuzamisha uzi), kisha jigi. Usibadilishe. Kifundo ni kile cha uzi kinachouzwa tayari kwenye kijiti. Unakihamishia kwenye uzi wako, unakikaza, unakata masalia. Kinapita kwenye vipete vya fimbo na kuzungushwa kwenye rili bila shida, ila kwenye ushanga kinagota. Kwa hiyo unaporusha, boya liko karibu na jigi na kitu kizima kinaruka vizuri. Kikitua, jigi inazama ikiuvuta uzi ndani ya boya, mpaka kifundo kigote kwenye ushanga. Hapo boya linasimama.

Boya la kawaida, lile la kubana, haliwezi hivyo. Ukitaka futi 12, itabidi urushe uzi wa futi 12 unaoning'inia, na fimbo yako ni ya futi 7.

Sasa angalia jigi yenyewe. Inatakiwa ilale mlalo majini, kama kisamaki kinachoogelea, isining'inie kichwa juu mkia chini. Sukuma fundo ulilofungia jigi kwa ukucha mpaka likae juu kabisa ya kijicho cha jigi, kile kitundu cha kufungia uzi. Kila ukishapata samaki fundo linasogea mbele, basi lirudishe kwa ukucha kabla ya kurusha tena. Ni kazi ya sekunde mbili, na nimeona siku nyingi ikiwa ndiyo tofauti kati ya kuliwa na kutoliwa.

Hatua ya 2: Kupima kina

Sogeza kifundo juu, rusha, tazama. Boya likilala ubavu, jigi imefika chini na hakuna kinacholivuta. Punguza nusu futi nusu futi hadi lisimame wima. Umeshajua chini ni wapi. Sasa panda futi moja au mbili juu ya hapo na uanze kuvua. Usipoguswa kwa dakika kumi, panda tena nusu futi. Watu wengi wanahama mahali kabla ya kuhama kina, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Hatua ya 3: Mahali na majira

Krapi hupenda kujificha: visiki, matawi yaliyozama, nguzo za gati. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 60 hadi 68 za Fahrenheit, huja kutaga kwenye maji ya futi chache tu. Wenyeji wa huku hutazama mti wa dogwood: ukichanua maua meupe, wanatoa fimbo. Kwenye ziwa la Kentucky, lililotokana na bwawa lililokamilika mwaka 1944, wakati huo ni mwezi wa Aprili. Joto likipanda sana, au baridi ikiingia, wafuate kwenye kina.

Hatua ya 4: Kurusha na kuvuta

Rusha kupita kisiki, kisha vuta taratibu mpaka boya likaribie. Liache. Mawimbi madogo yataichezesha jigi vizuri kuliko mkono wako.

Akila, boya halizami kila mara. Pengine linatembea pembeni. Pengine linalala, kwa sababu samaki ameinua jigi na uzito umeondoka. Hapo pia vuta, lakini kwa kunyanyua fimbo tu. Mimi nimetokea Mwanza, na mwaka wangu wa kwanza huku nilivuta kama navuta sangara. Ndoana ilirudi na kipande cha ngozi ya mdomo, nyembamba kama karatasi. Nyanyua, uzi usilegee, na umpokee kwa wavu wa mkono.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Boya langu linazama lenyewe hata kabla samaki hajala.*

Marahaba. Uzito umezidi. Toa chubwi, au tumia boya kubwa kidogo. Ibaki juu ile ncha yenye rangi tu. Hapo samaki akigusa hasikii upinzani.

*Kaka, kifundo changu kinapenya ndani ya boya. Nifanyeje?*

Ushanga umesahaulika, au tundu lake ni kubwa mno. Na kama jigi haishuki, sababu ni nyingine: ni nyepesi kuliko msuguano wa uzi. Ongeza chubwi ndogo, inchi 12 hivi juu ya jigi.

*Naweza kuweka kisamaki hai kwenye jigi?*

Unaweza. Mtoboe kwenye midomo. Maji yakiwa baridi sana nami hufanya hivyo.

*Watoto wangu wana miaka 9 na 13. Wanahitaji leseni?*

Kentucky walio chini ya miaka 16 hawahitaji. Wewe unahitaji, dada yangu, na leseni ya mwaka huku huanza Machi 1, kwa hiyo ukikata Februari itaisha mwisho wa mwezi huo huo. Majimbo mengine yana sheria zao. Soma pia urefu na idadi inayoruhusiwa kwenye ziwa lako, maana maziwa ya jimbo moja yanaweza kutofautiana. Beba rula.

*Nikirudi Mwanza mwezi wa saba, boya hili litanisaidia?*

Krapi hutampata Ziwa Victoria, ila boya ni lile lile. Toa jigi, funga ndoana ndogo yenye mnyoo, mtafute sato kando ya mawe. Anza karibu na chini, kisha panda nusu futi nusu futi.