Kupima DNA ukiwa Mbeya, usibebe nywele za mtoto kwenye rambo

Wakuu, swali la "nataka kupima DNA nijue kama mtoto ni wangu, nianzie wapi" haliishi, basi ngoja nieleze. Kwanza acha kunyofoa nywele za mtoto usiku ukidhani utazipeleka kimyakimya. Kuna sheria ya vinasaba (ndo hiyo DNA) vya binadamu ya 2009, na kazi hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ambaye ana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, ila huendi kugonga hodi kama unapima malaria. Unaanzia ustawi wa jamii halmashauri kwenu, au kwa wakili, au mahakamani kama kesi ya matunzo ishafunguliwa, wao ndo wanaandika barua. Halafu mnaenda baba, mama na mtoto, na vitambulisho.

Kuchukua sampuli hakuumi. Kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, kinakaushwa, kinaingia bahasha ya karatasi, sio nailoni maana unyevu unaharibu. Mama, kama mtoto katoka kunyonya sema mapema kinywa kisafishwe, maziwa yana seli zako.

Maabara hawasomi DNA nzima, kwanza binadamu karibu yote tunafanana, wanaangalia sehemu chache ambazo vipande vifupi vinajirudia na idadi ya kujirudia inatofautiana mtu na mtu. Kila sehemu una namba mbili, moja ya mama moja ya baba. Mfano mtoto ana 12 na 15, mama 12 na 14, hiyo 15 lazima itoke kwa baba, sasa mzee akikutwa na 9 na 11 hapo kuna jambo. Ila sehemu moja kugoma haitoshi, huwa kuna mabadiliko ya kawaida, zikigoma kadhaa ndo imekula kwako. Na kama unayemshuku ni pacha wako wa kufanana, kipimo hiki hakikusaidii, namba zenu ni zilezile.

Na sio ugomvi wa watoto tu jamani. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa DNA huko Leicester, Uingereza, 1984, na kesi ya kwanza ya mauaji kuitumia ilianza kwa kumwokoa kijana aliyekuwa ameshakiri, ndo baadaye akanaswa muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork. Hata meno ya tembo yaliyokamatwa nje yamefuatiliwa hadi upande wetu wa Ruaha, kwa kulinganisha na DNA ya mavi ya tembo.

Majibu hayaji WhatsApp, yanarudi kwa aliyeandika barua, kwa hiyo namba yako ya simu iache kwake.