Namna ya Kuandaa Mavazi na Mwanga kwa Mtindo wa Liquid Sky Mjini Kigoma

Liquid Sky, filamu ya kubuni ya kisayansi ya mwaka 1982 iliyoongozwa na Slava Tsukerman, ilitegemea vijana wa vilabu vya usiku vya New York, ambao nyuso na nguo zao zilitosha kuwafanya waonekane viumbe wa sayari nyingine. Chombo cha wageni wa angani chenyewe kina ukubwa wa sahani tu. Anne Carlisle aliigiza nafasi mbili, Margaret na Jimmy, mwanamke na mwanamume. Filamu hiyo ni ya watu wazima, kwa kuwa ina dawa za kulevya na ukatili wa kingono, lakini ufundi wake wa mavazi unastahili kujifunzwa.

Anza na taa kabla ya nguo. Tafuta taa ya urujuanimno (UV), ambayo mwanga wake hufanya baadhi ya vitambaa na rangi viwake gizani, ya nanomita 365 hadi 395, jamii ya zile za kukagulia noti madukani. Usichukue kamwe taa ya kuulia vijidudu ya nanomita 254, kwa sababu huunguza macho na ngozi.

Nenda na taa ndogo ya aina hiyo kwenye mitumba ya soko la Mwanga, uikague kila nguo ndani ya mfuko mweusi, kwa maana jua hudanganya: mashati mawili meupe yanayofanana kabisa mchana yanaweza kutofautiana gizani, moja likiwaka samawati kutokana na kemikali za sabuni ya unga na jingine likififia. Kizibao cha bodaboda nacho kinahitaji uangalifu, kwani kinachowaka ni kitambaa chake cha njano, ilhali mkanda wa fedha hurudisha tu mwanga kule ulikotoka. Mpe fundi cherehani kitambaa hicho akitie kwenye koti la mabega mapana, upande mmoja tu. Mimi napenda sana upande mmoja, kwa sababu jicho hukosa pa kutulia.

Katika onyesho ninalolipenda kuliko yote, Margaret anajipaka rangi zinazowaka gizani huku akisimulia maisha yake tangu Connecticut. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, si ya ukutani, na uijaribu kwenye mkono siku moja kabla. Mafuta ya mgando pia hutoa samawati hafifu, nayo ni ya bei nafuu.

Margaret alikuwa na jengo la Empire State dirishani. Sisi tuna ziwa. Piga picha kwenye baraza inayotazama Tanganyika siku za giza, kwa kuwa wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika na mwezi hufifisha rangi. Weka simu kwenye stendi, punguza mwangaza wa picha kwenye kamera yake, na umwombe mwigizaji ageuke polepole, taa za mitumbwi zikiwa nyuma ya bega lake.