Somo: Kumsaidia Mchina kupata msamiati wa Kiingereza kupitia habari za wiki

Wengi wetu tuna wenzetu wa Kichina tunaobadilishana nao lugha, iwe chuoni Wuhan na Guangzhou au kazini Dar es Salaam na Nairobi. Yeye anataka Kiingereza, wewe unachukua Kichina. Somo hili ni la kumsaidia yule aliyesoma Kiingereza miaka mingi shuleni, lakini akifungua gazeti anakwama aya ya kwanza.

Wengi wao wamekariri maneno kutoka kwenye orodha za alfabeti, na karibu kila aliyepita chuo anakumbuka kwamba orodha ilianza na "abandon". Neno analo. Mpe sentensi ya habari kama "crew abandon ship" uone anavyosita, kwa sababu hajawahi kulikuta likifanya kazi. Habari zinatibu tatizo hili, kwa sharti moja ambalo mimi silegezi: aanze na habari anayoijua tayari kwa Kichina.

Hatua ya 1: Mwache yeye achague

Muulize wiki hii kasoma nini kwa lugha yake. Tuseme ni safari za mwezini. Chombo cha China, Chang'e-6, kilirushwa Mei 3, 2024 kutoka Wenchang, kisiwani Hainan, na Juni 25 kikarejea na gramu 1,935.3 za udongo na mawe kutoka upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Kisa kizima anacho kichwani. Akikutana na "launch", "land", "sample" na "far side", hahangaiki kuelewa kilichotokea. Anatafuta tu kila neno limekaa wapi.

Hatua ya 2: Kichwa cha habari kwanza, tena polepole

Hapa ndipo pa kutumia muda. Andika: "Chinese probe returns with moon rocks". Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa wakati, kwa hiyo mwanafunzi amefundishwa kwa jasho kwamba jambo lililopita linahitaji "returned". Sasa anaona "returns" na anadhani safari bado inaendelea. Mweleze kwamba vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia wakati uliopo kwa jambo lililokwisha kutokea.

Kwa jambo lijalo, "President to visit Kenya", wewe Mswahili una bahati, maana magazeti yetu yanafanya vivyo hivyo: "Rais kuzindua daraja", "Waziri kukutana na walimu".

Kisha neno "probe". Hapa ni chombo cha anga. Kesho yake atakutana na "Police probe warehouse fire", na hapo ni polisi wanachunguza moto. Waandishi wa vichwa hupenda maneno mafupi: "probe", "bid", "row", "axe", "curb". Ayatengee ukurasa wake kwenye daftari, kila moja na kichwa kamili alichokikuta.

Hatua ya 3: Maneno yaandikwe kwa mafungu

Asiandike "sample" peke yake. Aandike "collect samples", "land a probe", "bring back rocks". Kichina hakina "a" wala "the", na hata sisi hatuna, kwa hiyo someni pamoja: chombo kikitajwa mara ya kwanza ni "a probe", kikirudiwa ni "the probe". Apigie mstari tu. Kanuni ndefu za sarufi ziachwe.

Hatua ya 4: Tarakimu

Hata wanaozungumza vizuri huanguka hapa. Kiingereza hukata tarakimu tatu tatu. Kichina hukata nne nne. Elfu kumi ni "wan" moja, na milioni mia ni "yi" moja. Kwa hiyo milioni ni wan 100, na "billion" ni yi 10. Sisi tunaosema laki kumi tunamwelewa vizuri.

Chukua sensa ya Tanzania ya 2022, watu 61,741,120. Mwambie aandike bila alama yoyote, kisha akate kwa mistari: 6174|1120. Hiyo ni yake, wan 6174 na 1120. Chini yake akate kwa mkato: 61,741,120, asome "sixty-one million…" mpaka mwisho. Kila habari mnayosoma itoe tarakimu mbili tatu za kukatwa hivi.

Hatua ya 5: Majina

Wachina huandika majina ya kigeni kwa herufi zao, na matamshi hubadilika. London ni Lundun, New York ni Niuyue, Ugiriki ni Xila. Anaifahamu Ugiriki, lakini "Greece" haimgongi popote. Kabla ya kusoma, mpe majina yote ya habari hiyo.

Hatua ya 6: Funika habari, asimulie

Sentensi nne zinatosha, akiwa na mafungu yake matano ukutani au mezani. Usimkatize.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mwanza:* Mwalimu, wangu maneno ni machache mno, China Daily, gazeti la Kiingereza la China, inamshinda. Nifanyeje?

Mkuu, mtafutie habari zilizorahisishwa. VOA, redio ya Marekani, walianza jambo hili mwaka 1959 kwa matangazo ya polepole yenye maneno kama 1,500 tu. Michezo nayo inafaa sana. Tangu Mchina Yao Ming alipoingia timu ya Houston Rockets mwaka 2002, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ina mashabiki wengi China, na habari ya mechi imejaa vitenzi: "beat", "edge", "miss", "lead".

*Mwanachama wa Mombasa:* Dada yangu wa Kichina hunisomea habari ya waziri mwanamke akisema "he" mwanzo mpaka mwisho. Nimrekebishe kila mara?

Hapana. Kwao wote ni "ta" kwa matamshi, kama "yeye" kwetu. Mwache amalize, kisha asome tena aya moja akigusa kila "she" kwa kidole.

*Mwanachama aliyeko Wuhan:* Mwenzangu anajiandaa na CET-4, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya China. Njia hii inamfaa?

Inamfaa. Tangu Juni 2016 sehemu ya kusikiliza ya mtihani huo ina taarifa tatu fupi za habari. Mkimaliza hatua ya 6, tafuteni sauti ya habari ileile, asikilize bila maandishi.

*Mwanachama wa Nairobi:* Na siasa?

Akiichagua mwenyewe, someni. Asipoichagua, usimsukume; huenda hayuko huru kuizungumzia. Hali ya hewa, bei za vyakula na safari za anga zina maneno ya kumtosha mwaka mzima.