Somo: Namna ya kuomba rekodi za ukaguzi wa mahali pa kazi kutoka serikali ya kaunti

Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ndiyo inayoeleza utaratibu wake. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa Mombasa, tuseme mwoka mikate, anayetaka kujua wakaguzi waliona nini siku walipoingia jikoni mwao na kuondoka bila kuwaambia wafanyakazi neno.

Hatua ya kwanza ni kujua karatasi iko kwa nani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu maombi mengi hukwama papa hapa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula, pamoja na huduma za zimamoto. Kwa hiyo ripoti ya afisa wa afya ya umma kuhusu maji, vyoo na usafi wa jiko, na ile ya zimamoto kuhusu mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, zitafute kaunti. Mashine ya kukandia unga ambayo imeondolewa kinga yake ni jambo jingine. Hiyo iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ambayo husimamiwa na kurugenzi iliyo katika Wizara ya Leba ya serikali ya kitaifa, na kurugenzi hiyo kuwa na ofisi Mombasa hakuifanyi kuwa ofisi ya kaunti. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye mahali pa kazi afanyiwe ukaguzi wa kina wa usalama angalau mara moja kila miezi 12, na nakala ya ripoti yake hupelekwa kwa Mkurugenzi. Ukikosea mlango, ofisi iliyopokea ombi inatakiwa kulihamishia panapostahili ndani ya siku 5, lakini mimi ninashauri uandike barua mbili tangu mwanzo.

Hatua ya pili ni kuutaja waraka wenyewe. Barua yangu ya kwanza kabisa iliomba "taarifa zote kuhusu usalama wa kazini", nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba ombi halieleweki, na nikiisoma leo naona karani yule alikuwa na haki. Omba karatasi, wala usiombe maelezo wala maoni. Maneno yafuatayo yanatosha:

"Naomba nakala za ripoti zote za ukaguzi wa afya ya umma na wa zimamoto zilizoandikwa kati ya tarehe 1 Januari 2023 na 31 Desemba 2024 kuhusu jiko la mikate lililoko kiwanja nambari fulani, mtaa fulani, pamoja na notisi yoyote aliyopewa mwenye jiko na barua aliyoandika kuijibu. Ikiwa sehemu ya waraka haiwezi kutolewa, naomba sehemu hiyo ifichwe na iliyobaki nipewe."

Barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kulieleza ombi lake kwa mdomo ili afisa aliandike. Ukiambiwa kuna fomu maalumu, ijaze ikiwa ipo mezani; lakini sheria hairuhusu ombi kukataliwa kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu. Sababu ya kuomba si lazima uitoe.

Hatua ya tatu ni muhuri. Nenda masijala na nakala mbili, acha moja, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako, kwa sababu muhuri huo ndio saa yako. Ofisi ina siku 21 za kujibu; barua iliyogongwa tarehe 3 Machi inatakiwa iwe imejibiwa kufikia tarehe 24 Machi. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa nyaraka zinazotafutwa ni nyingi au inabidi ofisi nyingine ziulizwe. Kuwasilisha ombi hakuna ada. Utakachotozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia, na ukishalipa unatakiwa upewe nyaraka ndani ya siku 2 za kazi.

Siku zikiisha kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Ombudsman, na usiporidhika na amri ya Tume unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mwajiri akijua kwamba ni mimi niliyeomba, si nitafutwa kazi?

Hofu hiyo ina msingi. Mkataba nambari 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1964, unamtaka mkaguzi afiche jina la mtu aliyelalamika, lakini kuomba rekodi si kulalamika. Njia salama zaidi ni ombi hilo kuandikwa na raia mwingine asiyefanya kazi hapo, kwa mfano katibu wa chama chenu.

Mimi ni Mganda na ninafanya kazi Changamwe. Je, ninaweza kuomba?

Haki hii ni ya raia wa Kenya na ya taasisi binafsi zinazodhibitiwa nao, kwa hiyo mwombe mwenzako Mkenya atie sahihi. Sheria ya usalama kazini yenyewe inakulinda bila kujali uraia.

Ndugu yangu, tulipewa ripoti lakini majina na vyeti vya afya vya wapishi vimefichwa. Tulalamike?

Hapana. Hayo ni mambo ya faragha ya watu, na kuyaficha ni sahihi. Lililo lenu ni mkaguzi alikuta nini, aliagiza nini na alitoa muda gani.

Tumejibiwa kwa mdomo kwamba hakuna ripoti yoyote. Tufanye nini?

Ombeni jibu hilo kwa maandishi, lenye sahihi na tarehe. Kisha andikeni barua ya pili, safari hii ya kuomba ukaguzi ufanyike, na mwiambatishe nakala ya jibu hilo.