Kuichambua hadithi fupi kuanzia neno moja

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Dar es Salaam. Kila muhula nakutana na majibu yaleyale: mwanafunzi anaitaja tashibiha, yaani ulinganisho wa "kama", anaiacha hapohapo, alama zinapotea. Tuchukue kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya darasa:

"Bahari ilikuwa imenuna asubuhi ile. Pantoni ilijikokota kuelekea Kigamboni kama mzee aliyeitwa kwenye kikao cha mirathi. Salma akalibana beseni lake tupu kwapani, asiseme neno."

Kwanza, soma hadithi nzima, kalamu chini, kamusi imefungwa. Ukisimama kwa kila neno gumu, kisa kitakuponyoka.

Pili, rudia ukipigia maneno mstari. Si mageni tu, hata unayoyajua yaliyokaa mahali usipoyatarajia. "Nuna" unalijua tangu utotoni, lakini anayenuna ni mtu. Bahari ikinuna, hiyo ni tashihisi.

Tatu, kisia maana kwa muktadha, ndipo ufungue kamusi. Wengi hutafuta "ilijikokota" wakalikosa. Livue viambishi: i-li-ji-kokot-a. Utalipata kwenye "kokota", yaani kuvuta kitu kizito kikiburuzika chini. Sasa itazame hiyo "ji": pantoni inajivuta yenyewe, imekuwa mzigo wake. Daftarini andika neno pamoja na sentensi yake yote.

Nne, na hapa usiharakishe, uliza tamathali, yaani usemi wa picha kama tashibiha au tashihisi, inafanya kazi gani. Kwa nini mzee wa kikao cha mirathi, asiwe kobe? Kobe angetupa mwendo tu. Mzee huyu anatupa mwendo na kusitasita, maana anajua ndugu wanamsubiri na maneno. Mgogoro umeshanusika kabla Salma hajafungua mdomo. Na lile beseni? Ameuza samaki wote soko la Feri, au amekosa mtaji wa kununua? Usijibu kwa kubahatisha. Fuatilia linapotajwa tena.

Muundo hauchukui muda: angalia kama kisa kinakwenda moja kwa moja au kinarudi nyuma.

Tano, andika jibu lako kwa mpangilio wa kutaja tamathali, kuinukuu na kueleza kazi yake. Mfano: "Mwandishi ametumia tashibiha, 'kama mzee aliyeitwa kwenye kikao cha mirathi', kuonesha kuwa pantoni inasogea kwa uzito, hali inayomwandaa msomaji kwa mgogoro unaomsubiri Salma ng'ambo."